Kagome Kagome: je, wimbo huu wa watoto wa Japani unaficha kifo?

Swali: Binti yangu ana miaka kumi na moja na katuni za Kijapani hamwambii kitu. Ameokota humo wimbo uitwao "Kagome Kagome", na sasa kila jioni anaucheza uani na wenzake: mmoja kati, wengine wanamzunguka. Mdogo wake wa miaka minne naye anaufuatisha kwa maneno yake. Pale wakubwa wanaposema "tsuru to kame ga subetta", yeye anasema "suruali kamba sufuria". Nilikuwa nafurahi mpaka nilipousaka wimbo wenyewe mtandaoni. Nimesoma kwamba unamhusu mama mjamzito aliyesukumwa ngazini mimba ikatoka. Wengine wanasema ni mtu aliyekatwa kichwa, wengine hazina iliyofichwa. Asili yake hasa ni ipi? Na niwazuie wasiucheze? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Jibu: Mama, waache wacheze. Natanguliza hilo kwa sababu najua ndilo linalokukosesha raha. Yaliyobaki ni marefu kidogo, uniwie radhi. Wimbo huu nimekaa nao miaka mingi na siwezi kuueleza kwa sentensi mbili.

Kwanza tuuweke mezani. Unavyoimbwa leo karibu Japani nzima, uko hivi:

*Kagome kagome*
*Kago no naka no tori wa*
*Itsu itsu deyaru*
*Yoake no ban ni*
*Tsuru to kame ga subetta*
*Ushiro no shōmen dāre*

Maana yake, nikiifuata karibu neno kwa neno: Kagome, kagome, ndege aliyemo tunduni, lini, lini atatoka? Usiku wa mapambazuko korongo na kobe wakateleza. Aliye nyuma yako, sawia na mgongo wako, ni nani?

Mchezo wake binti yako ameupatia sawasawa. Mtoto mmoja anakuwa *oni*, yaani zimwi. Anachuchumaa katikati na kujiziba macho kwa viganja. Wenzake wanashikana mikono, wanamzunguka wakiimba, na neno la mwisho likiisha wote wanasimama hapo hapo walipo. Zimwi anataja jina la aliyesimama nyuma yake. Akipatia, yule aliyetajwa anaingia kati. Akikosea, anazungukwa tena. Niliwahi kuutazama ukichezwa kwenye uwanja wa changarawe, na ndipo nilipoelewa kwamba wimbo ni nusu tu ya mchezo. Nusu nyingine ni kile kimya cha baadaye. Mtoto aliye nyuma amebana pumzi, mabega yanamtikisika, mwenzake wa kushoto anamfinya asicheke, na yule wa kati ametega sikio kabisa, anasikiliza changarawe. Mara kicheko kinamponyoka mtu, jina linatajwa, duara lote linavunjika kwa kelele. Watoto hawa hawana habari ya ngazi wala mimba.

Sasa tuzitazame hizo hadithi za kutisha, maana ni nyingi na kila moja ina mahali inapoegemea. Ya mama mjamzito inaligeuza neno *kagome* liwe "mwanamke wa kikapu": tumbo ndilo kikapu, ndege ni mtoto, kuteleza kwa korongo na kobe ni kuanguka ngazini, na "aliye nyuma yako ni nani" ni swali la marehemu anayemtafuta aliyemsukuma. Ya kukatwa kichwa inaegemea mstari huo huo wa mwisho: kichwa kimeanguka na kugeuka, sasa kinatazama nyuma. Ya hazina inawashika korongo na kobe. Tokugawa Ieyasu, mwanzilishi wa utawala wa mashogun (majemadari waliotawala Japani) wa Edo, mji unaoitwa leo Tokyo, alifariki mwaka 1616 na kaburi lake liko Nikkō, na mbele ya kaburi hilo kuna kinara cha mshumaa chenye umbo la korongo aliyesimama juu ya kobe. Basi watu wakaona wimbo ni ramani. Na iko ya wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa danguro wa Edo ya zamani, waliofungiwa humo kama ndege wa tunduni.

Mtu akiniletea hadithi ya namna hii, namuuliza swali moja: mstari unaouegemea una umri gani? Wimbo wa watoto haukai kama ulivyozaliwa. Unapita kinywa kwa kinywa na kila kinywa kinaacha alama yake, kwa hiyo mstari wa pili unaweza kuwa na miaka mia moja zaidi ya mstari wa tano. Ukitaka kujua asili ya wimbo, tafuta maandishi ya zamani yanayouweka, uyapange kwa miaka, kisha utazame mistari inaingia lini.

Bahati nzuri "Kagome Kagome" umeacha nyayo. Kuna kitabu cha hadithi za picha cha mwaka 1779 ambacho jina lake lenyewe linabeba maneno "kagome kagome" na "ndege wa tunduni", kwa hiyo wakati huo watu wa Edo walikuwa wakiyajua. Mwaka 1813 maneno hayo yanasikika ndani ya tamthilia ya kabuki ya Tsuruya Namboku wa nne. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa 1820. Mtawa mmoja wa Edo aitwaye Gyōchi aliketi akaandika nyimbo za watoto, zile alizozikumbuka za utotoni mwake. Watu wazima wa zama zake hawakuona nyimbo hizo kuwa kitu cha kuharibia wino. Yeye aliziandika, tena kwa kuivuta irabu mahali watoto wanapoivuta, hata ukisoma unasikia sauti. Kwake "Kagome" unaanza kama tunaoujua: ndege tunduni, lini atatoka, usiku wa mapambazuko. Kisha unakwenda hivi:

*Tsuru tsuru tsuppētta*
*Nabe no nabe no soko nuke*
*Soko nuite tamore*

Korongo hayupo. Kobe hayupo. Na lile swali la aliye nyuma yako, lililowakosesha watu usingizi, halipo kabisa. Badala yake iko sufuria! "Sufuria, sufuria, ng'oka kitako, tafadhali itoe kitako."

*Tsuru tsuru* hapo si ndege. Ni tanakali ya sauti, kama sisi tunavyosema mtu kaanguka pu, au kitu kimetumbukia chubwi. Kwa Kijapani *tsuru tsuru* ni ile hali ya kitu kinachoteleza bila kukwama mahali. Na hiyo sufuria isiyo na kitako ina mchezo wake mpaka leo: watoto wawili wanashikana mikono, wanaipembeza, kisha wanapita chini ya mikono yao wenyewe mpaka wanajikuta wamepeana migongo bila kuachiana, kama kitu kilichopinduliwa ndani nje. Wimbo wa mchezo huo unaanza na maneno yayo hayo, *nabe nabe soko nuke*. Kwa hiyo mimi naona kwamba "Kagome" alioukumbuka Gyōchi haukuwa mchezo wa kubahatisha jina. Ulikuwa mchezo wa duara linalofumuliwa, ambapo kutoka kwa ndege ni kupenya chini ya mikono.

Sasa fuata hilo neno *tsuru tsuru* mama, maana ndiko siri iliko. Katika mkusanyo wa nyimbo za watoto uliochapwa mwaka 1894, mstari umekuwa *tsuru tsuru subetta*, "akateleza telele". Kile kitenzi cha zamani, *tsuppētta*, kilichokuwa kimeanza kuchuja masikioni kimebadilishwa kwa kitenzi ambacho kila mtoto anakijua, *subetta*. Lakini *tsuru* peke yake kwa Kijapani ndilo jina la korongo. Na korongo katika fikra za Wajapani hatembei peke yake. Mwenziwe wa milele ni *kame*, kobe. Wana msemo kwamba korongo huishi miaka elfu na kobe miaka elfu kumi, na wawili hao wanachorwa pamoja kwenye vitu vya harusi na vya sikukuu ili kutakiana umri mrefu. Mtoto anayeimba *tsuru tsuru* haraka haraka, akatokea mwenzake aliyesikia "tsuru", ndege, ulimi wake utaongeza nini kama si kobe? *Tsuru to kame ga subetta*: korongo na kobe wakateleza. Hakuna mtu aliyeketi kutunga fumbo. Ni masikio ya watoto yalifanya kazi yake.

Korongo na kobe hawaonekani katika maandishi ya kabla ya zama za Meiji, zilizoanza mwaka 1868. Na mstari wa "aliye nyuma yako ni nani" nao ndivyo hivyo. Sasa rudi kwenye zile hadithi. Ramani ya hazina ya mashogun imeandikwa kwa maneno yaliyoingia baada ya mashogun wenyewe kuondoka madarakani. Kuanguka kwa mjamzito kunaegemea neno lililotokana na mlio wa utelezi. Kichwa kilichokatwa kinategemea mstari ambao mtawa Gyōchi, aliyekua na wimbo huu, hakuusikia. Nyumba hizi zote zimejengwa juu ya ghorofa ya mwisho, msingi haujaguswa.

Ile ya Yoshiwara naiweka kando kidogo, kwa haki yake. Mstari wa ndege wa tunduni ni mkongwe kweli, na watu wazima wa Edo waliutumia mfano huo wa ndege kwa wanawake waliofungiwa danguroni. Mateso yao ni historia, si uzushi. Lakini mfano kutumika na washairi hakufanyi kila tundu liwe danguro. Watoto walikuwa na ndege wa kweli katika matundu ya kweli nyumbani mwao.

Utauliza: basi *kagome* yenyewe ni nini? Hapa wataalamu hawako kambi moja, nami nitakwambia niko wapi. *Kago* ni kikapu, tenga, na pia tundu la ndege. *Me* ni jicho. *Kagome* ni jicho la kikapu, ule uwazi unaobaki kati ya mianzi iliyosukwa. Kiswahili chetu kinabeba jambo hili vizuri kuliko lugha nyingine ninazozijua, kwa kuwa sisi nasi tunaita "tundu" nyumba ya ndege na "tundu" uwazi. Msuko huo wa Kijapani unatoa maumbo ya pembe sita, na huko mashambani watu walikuwa na desturi ya kutundika kikapu cha aina hiyo juu ya mti mrefu nje ya nyumba siku ya tarehe 8 mwezi wa pili na wa kumi na mbili, ili zimwi la jicho moja likija lione macho mengi kuliko lake, liogope. (Kuna walioitazama hiyo nyota ya pembe sita wakajenga habari ya Wayahudi wa kale waliofika Japani. Hiyo ni mianzi tu.)

Lakini watoto walio kwenye duara hawasemi "jicho la kikapu" bila sababu. Yanagita Kunio (1875–1962), baba wa elimu ya mila na desturi za Japani, katika kitabu chake juu ya michezo ya watoto cha mwaka 1942, alisema *kagome* ni *kagame* iliyogeuka, yaani "chuchumaa!" Wengine wanasema ni *kakome*, "zungukeni!" Mimi niko na Yanagita. Nyimbo za michezo huanza kwa amri: kaa, simama, zunguka, shikaneni. Kisha *kagame* likishaanza kusikika *kagome*, kikapu kimeingia, na penye kikapu ndege hakosi kutua. Huo ndio mwendo ule ule wa korongo kumleta kobe.

Yanagita alikwenda mbali zaidi, na hapo ndipo wimbo huu una kivuli chake cha kweli, kama ni kivuli unachotafuta. Alikusanya michezo mingine inayofanana na huu. Mmoja unaimbwa hivi: kibuddha kidogo cha katikati, mbona ni kifupi? Jibu: siku ya kumkumbuka mzazi alikula samaki, ndiyo maana hakurefuka. Kwa wafuasi wa dini ya Buddha siku ya kumbukumbu ya marehemu mzazi ni ya kujizuia kula nyama na samaki, basi mtoto anayechuchumaa kati anataniwa kuwa amevunja mwiko. Zaidi ya huo, Yanagita alieleza mchezo wa kaskazini mashariki ya Japani ambapo watoto walimzunguka mwenzao mmoja na kuimba wakimwita Jizō, mlinzi wa watoto na wasafiri, aje. Maneno yao, *onori*, ni ya kumwomba apande, kama mtu anavyopanda farasi. Waswahili tunajua hasa maana ya hilo, kwani nasi husema pepo amepanda, mtu amepandwa. Jizō akishampanda yule wa kati, wenzake wanamuuliza mambo: kitu kilichopotea kiko wapi, kesho kutakuwaje. Naye anajibu akiwa amefumba macho.

Tazama sasa zimwi la "Kagome": yuko kati, amefumba macho, anazungukwa kwa wimbo, kisha anaulizwa jambo asiloweza kuliona. Yanagita aliona mchezo huu ni mabaki ya ibada hiyo. Watu wazima walipoiacha, watoto waliishika. Ni hoja nzuri sana na naipenda. Siichukui yote, kwa kuwa lile swali la mwisho, kama nilivyosema, limeingia wimboni baadaye. Ninavyouona mimi, michezo miwili ilikutana: duara la sufuria kutoka mjini Edo na duara la kubahatisha kutoka mashambani, na watoto wakaiunga. Hata tundu la mshono huo linaonekana, maana ndege anaulizwa atatoka lini na hajibiwi, maneno yanaruka ghafla kwenda kwa aliye nyuma.

Kuhusu maneno haya ya leo kuenea nchi nzima, shukrani nyingi zinakwenda kwa Noda, mji wa mkoa wa Chiba unaojulikana kwa mchuzi wa soya. Huko mwalimu kijana wa muziki, Yamanaka Naoji, aliyefariki mwaka 1937 akiwa na miaka thelathini na kitu, aliuandika wimbo jinsi watoto wa sehemu hizo walivyouimba, na namna hiyo ndiyo iliyosafiri. Kabla ya hapo kila mahali palikuwa na "Kagome" yake. Mbele ya stesheni ya Shimizu-kōen mjini Noda liko jiwe la kumbukumbu ya wimbo huu.

Neno moja juu ya sauti yake, kwa kuwa nadhani ndiyo iliyokutia hofu kabla hata ya maelezo. Katika filamu na katuni wimbo huu hupunguzwa mwendo, hupewa mwangwi, na huimbwa na mtoto mmoja asiyeonekana. Wimbo wowote wa watoto ukifanyiwa hivyo utasisimua nywele. Lahani yake yenyewe ni nyepesi mno: inazunguka kwenye noti chache zilizokaa jirani, inapanda hatua moja na kushuka, kwa sababu imetengenezwa iimbike na mtoto wa miaka mitatu huku anatembea. Mtaalamu wa muziki Koizumi Fumio (1927–1983) alionyesha kwamba nyimbo za michezo za Kijapani zimejengwa juu ya nguzo za namna hiyo, zilizo karibu na mwinuko wa usemi wa kawaida kuliko na muziki wa jukwaani. Hadithi za "maana halisi ya kutisha" zilipata soko kubwa kwenye vitabu mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha intaneti ikazichukua. Watoto wenyewe huimba haraka, kwa kupokezana pumzi, na mara nyingi kwa kupayuka.

Kwa hiyo usiwazuie. Binti yako akikuuliza, mwambie mstari wa tano zamani ulikuwa mlio wa kuteleza, na ulifuatwa na sufuria. Na yule mdogo nakuomba usimsahihishe. "Suruali kamba sufuria" ni kazi ile ile iliyomleta korongo na kobe: sikio limepokea sauti lisilozijua likazipa maneno ya nyumbani, na kwa namna isiyoelezeka sufuria imerudi mahali ilipokuwa mwaka 1820. Chukua daftari, uandike anavyouimba, irabu akizivuta uzivute, uweke na tarehe ya leo. Mwakani muombe auimbe tena, uandike chini yake.